Ng'ombe Walioenda Chuo

Hadi leo, nikisinzia mchana mahali penye joto, naisikia ile injini. Inaanza mbali, tu-tu-tu-tu, polepole, inasogea, mpaka inajaa kichwa kizima, na najua kabisa kwamba nikifumbua macho nitamwona Opereta amekaa juu ya jerikeni lililopinduliwa, kofia imeshuka usoni, midomo inatembea. Nafumbua macho. Ni feni ya ofisi. Ofisi yenyewe iko Isiolo mjini, ghorofa ya kwanza, na dirishani naona akina mama wanaouza miraa chini ya miavuli yao. Opereta hayupo. Basi naikasirikia feni ya watu bure.

Alikuwa na jina, bila shaka, na baba, na ukoo wenye matawi. Hayo waulize wengine. Pale kijijini kwetu Biliqo wazee kwa watoto walimwita Opereta kwa sababu ndiye aliyeendesha mashine ya kisima. Mimi nilimwita abuya, yaani mjomba, kwa kuwa alikuwa wa upande wa mama, na pia kwa kuwa ukimwita abuya alikuwa mwepesi wa kukujazia jerikeni kabla ya zamu yako kufika. Nilikuwa mjanja tangu utotoni, sikatai.

Opereta alizungumza na ngamia Kiborana. Na Mungu, Kiarabu. Na injini, Kiswahili kitupu. Aliyemfundisha kuiendesha alikuwa fundi Mmeru, aliyeshuka kutoka milimani na sanduku la spana, akakaa miezi miwili akiitukana injini kwa Kiswahili, kisha akaondoka. Opereta akaamini kwamba hiyo ndiyo lugha yake. "Amka wewe mvivu!" ungemsikia asubuhi. "Watu wana kiu na wewe umelala!" Nilimuuliza kwa nini asiiongeleshe Kiborana kama watu wengine. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini mbuzi hapandi kitanda. "Ikisikia Kiborana itajua mimi si fundi," akasema.

Na mkewe je? Mkewe alisema hakuzungumza naye lugha yoyote.

Nyumba ya injini ilikuwa ya mabati, na ukiingia ndani ulikuta jambo la kushangaza: kuta zimejaa vyeti. Cheti cha semina ya ufugaji wa nyuki. Cheti cha amani. Cheti cha afya ya mbuzi, cha usafi wa mikono, cha akina mama na biashara ndogo, hicho sijui alikipataje. Kila semina iliyopita Biliqo Opereta alihudhuria, akala wali, akanywa soda, akapewa karatasi. Kusoma hakujua. Vyeti alivipigilia misumari pale mabati yalipotoboka, ili vumbi lisiingie kwenye injini. "Hizi karatasi watu wanalilia," alisema akipiga nyundo, "mimi naona kazi yake ni moja tu. Inazuia upepo." Mchana jua lilipopita nyuma yake, vile vyeti viling'aa vyote kwa pamoja, rangi ya maziwa ya ngamia, na ndani mle kukawa na mwanga ambao sijauona tena mahali popote. Nilikaa humo saa nzima, bila kazi, nikisoma majina ya mafunzo.

Usidhani basi alidharau kujua. Hapo ndipo alipowachanganya watu. Alicheka karatasi, lakini kujua alikuonea wivu kama mchumba. Hakumruhusu mtu yeyote kugusa injini. Vijana waliotaka kujifunza aliwafukuza kwa spana mkononi. Mimi nilivumiliwa kwa sababu nilikuwa msichana, na akilini mwake msichana hawezi kuja kumnyang'anya kazi. Makosa yake hayo.

Somo lake lilikuwa moja. Bomba nene la chuma lilitoka ardhini, likapinda kwenda kwenye tangi na mabirika ya kunyweshea. Opereta alipiga goti, akalaza sikio juu ya lile bomba, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka ulidhani amelala. Kisha akanivuta na mimi nilaze langu.

"Sikia. Inasemaje?"

"Inanguruma, abuya."

"Punda pia ananguruma. Inasemaje?"

Ilinichukua mwaka mzima. Polepole nikaanza kusikia kwamba mngurumo una sakafu na una dari; kwamba maji yakiwa mengi chini, bomba linaimba kwa uzito, na yakipungua kuna mluzi mwembamba unaingia, pumzi ya hewa. Alijua kwa mluzi huo siku ya kupumzisha kisima. Wazee wa zamu, wale wanaopanga ng'ombe wa nani wanywe lini, hawakupanga lolote kabla ya kumuuliza Opereta sikio lake limesema nini. Neno lake lilihamisha mifugo. Mara moja, kiangazi kikali, mto Ewaso Nyiro umebaki mchanga, alisema, "Simamisheni siku mbili," na watu wakasimamisha, ng'ombe wakilia kwa kiu uwanjani, hakuna aliyebisha. Siku ya tatu maji yakapanda.

Kulikuwa na kitabu cha injini, cha Kiingereza, kimelowa oili hadi kurasa zikawa zinapitisha mwanga. Nilipofika sekondari akaanza kunitaka nimsomee kila likizo. Alikisikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa shehe, huku akitikisa kichwa pale alipokubaliana na kitabu na kuguna pale kilipokosea. Siku moja nikafika ukurasa uliosema mwendeshaji avae kitu cha kufunika masikio kila injini inapofanya kazi. Opereta akapasuka kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nifunike masikio? Sasa nitasikia na nini? Na magoti?"

Na mimi nikacheka. Nilicheka sana, tena nikafungua ukurasa mwingine.

Kuhusu gharama yoyote alikuwa na swali moja tu. Mtu akisema ananunua redio, ananunua pikipiki, anaoa mke wa pili, Opereta aliuliza, "Itarudi na nini?" Ni swali la mfugaji. Ng'ombe anapelekwa fora, kambi ya mbali kule kwenye majani, anakosekana nyumbani miezi mingi, na watoto wanakosa maziwa yake. Lakini anarudi mnono, na pengine ana ndama ubavuni. Kama harudi na kitu, kwa nini aliondoka? Yeye mwenyewe ujanani yule fundi Mmeru alitaka kumpeleka Isiolo akasomee ufundi kabisa, afanye mtihani, awe na gredi. Angeuza mafahali wawili. Alipiga hesabu yake akaona haitarudi na kitu, akabaki. "Sikujuta hata siku moja," aliniambia. Aliniambia hivyo bila kuulizwa, kama mara kumi hivi.

Sasa nifike kwenye yangu.

Nilimaliza kidato cha nne, nikapata alama za kutosha kusomea diploma ya maji: visima, pampu, umeme wa jua. Barua ya chuo ilifika. Baba alikuwa ameshafariki. Nyumbani tulikuwa mama, wadogo zangu watatu, na ng'ombe wangu wa kitovu. Kwetu mtoto akizaliwa hupewa mtamba, na uzao wote wa mtamba huyo ni mali yake. Wangu aliitwa Dimtu, yaani mwekundu, na alikuwa amezaa majike wawili, nao walikuwa wanakamuliwa. Hao watatu ndio walikuwa chai yetu, uji wetu, samli ya mama ya kuuza. Kuwauza kungelipa chuo. Kuwauza kungeacha wadogo zangu wanywe chai ya rangi kwa miaka mitatu, na mimi nikifeli au nikikosa kazi, basi tungekuwa tumeuza maisha yetu tukanunua karatasi ya kuziba upepo.

Mama alisema, "Ng'ombe ni wako. Mdomo wangu sitauweka." Kisha akaweka: "Lakini umeona watoto wa watu waliosoma, wamekaa Merti sokoni na diploma mfukoni, wanapiga stori." Nilikuwa nimewaona. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nikamwendea Opereta. Nilimtaka aniambie ndiyo au hapana, nimlaumu yeye baadaye, nisijilaumu mwenyewe. Alikuwa anafuta spana kwa kitambaa.

"Mimi si mtu wa kuulizwa hilo," akasema.

"Lakini abuya, wewe kila kitu unauliza kitarudi na nini. Hiki kitarudi na nini?"

"Sijui."

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. Nilikwenda tena wiki iliyofuata, akasema sijui. Wiki ya tatu aliponiona kwa mbali akaingia ndani ya mabati akajifungia. Mtu mzima! Nilisimama nje nikapiga bati teke, nikarudi nyumbani nikilia kwa hasira, na barua ya chuo ikabaki na siku chache za kujibiwa.

Halafu wakaja watu wa sola. Serikali ya kaunti ilikuwa inabadilisha mashine za dizeli, na zamu ya Biliqo ikafika. Waliteremka vijana watano na msichana mmoja mwenye buti, wakazunguka kisima na vyombo, wakabishana kwa Kiingereza, wakachora, wakacheka mambo yao. Opereta alikaa juu ya jerikeni lake kuanzia asubuhi mpaka jua likainama. Hakuna aliyemdharau; walimpa hata soda. Ila hapakuwa na kitu cha kumuuliza. Nilikuwa nimekuja kuteka maji. Akaniita kwa mkono.

"Nimewasikiliza hawa watu siku nzima," akasema taratibu. "Masikio haya. Sijasikia kitu." Akamtazama yule msichana mwenye buti. "Hiyo unayotaka kusomea, ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

Upepo ukapita na vumbi, vyeti vikapigapiga kule ndani.

"Uza," akasema. "Na ukishakuwa huna kitu kabisa, njoo uniambie."

Niliuza. Sitasimulia siku ile ya soko. Dimtu alipanda lori bila kusumbua, akanigeuzia shingo mara moja, na hilo linatosha.

Nikamwambia Opereta kwamba sina kitu. Akavaa shuka safi, akanichukua mpaka kwa wazee wa ukoo waliokuwa wamekaa kwa shauri la buusa gonofa, ule mchango wetu ambao mtu aliyepoteza mifugo kwa ukame au ugonjwa hupewa wanyama na ndugu zake aanze upya. Akasema, "Salaam aleikum. Nimeleta mtu aliyeishiwa."

Mzee wa kikao akauliza, "Ng'ombe wake wamekufa?"

"Hawajafa. Wameenda."

"Wameenda wapi?"

"Chuo."

Wazee wakacheka, wengine wakaguna. Mmoja akauliza chuo ni ugonjwa wa aina gani, una chanjo? Mwingine, mkali, akasema mchango ni wa walioangamiziwa, si wa waliouza kwa mikono yao wenyewe. Tukianza hivyo kila mtu atauza ng'ombe leo na kuja kulia kesho. Alikuwa na haki, tena nilitamani ardhi inimeze. Huyu bwana amenileta kuaibishwa, nikawaza, na Dimtu hawezi tena kurudi.

Opereta akangoja wamalize. "Mtu ambaye ng'ombe wake wako fora," akasema, "nyumba yake inakosa maziwa?"

Jibu kila mtu alilijua. Jirani hukupa. Ni aibu usipopewa.

"Basi wa huyu wako fora. Ni mbali kidogo. Wakirudi, watarudi kwa kisima hiki, na nyinyi nyote mtakunywa." Kisha akasema yeye anampa mama yangu ng'ombe mmoja wa maziwa wa kukaa naye mpaka nirudi. Yeye! Aliyesema kusoma hakurudishi kitu! Akishasema yeye, yule mzee mkali akaguna akatoa mbuzi wawili wa maziwa, na mwingine mmoja. Wadogo zangu walikunywa chai ya maziwa miaka yote mitatu. Mimi nilisoma huku najua kila kikombe kimetoka wapi, na nakuambia hakuna kitu kinachokuamsha asubuhi kama hicho.

Chuo kilikuwa chuo: mhandisi wa kutoka Meru aliyetuita "viongozi wa kesho" na kutunyima alama, pampu zilizokatwa katikati tuone matumbo yake, mahesabu. Nilisinzia nikaisikia injini. Nikafeli somo la umeme, nikarudia, nikapita. Kazi nayo niliitafuta muda mrefu kuliko nilivyomwambia mama. Nilipoipata, ya mkataba, ofisi ikanipa meza na ile feni.

Biliqo injini ilikuwa imeondolewa. Pale sasa palikuwa kimya. Sola haingurumi, inang'aa tu. Opereta waliendelea kumwachia kisima kwa sababu hakuna aliyeweza kufikiria kisima bila yeye. Nilikuwa nikimsalimia nikipita, kwa haraka haraka, naye alinisemesha kwa sauti kubwa. Nikadhani ni uzee na furaha.

Kisha mama akapiga simu. Akasema Opereta amesema maji yanaisha. Amelaza sikio kwenye bomba wiki baada ya wiki, na bomba linasema kidogo, linasema kidogo zaidi. Wazee wamekata zamu mara mbili. Ng'ombe wanakunywa siku ya nne, ndama wanakufa, na familia kadhaa zinafunga mizigo kuhama. "Kama maji yameisha," mama akasema, "tutakwenda wapi?"

Niliomba gari la ofisi na tepu ya kupimia. Ni tepu ndefu ya kamba ngumu iliyozungushwa kwenye gurudumu, ina kipima cha chuma mwishoni. Unaiteremsha kisimani, kikigusa maji, gurudumu linalia na taa nyekundu inawaka. Nilitangulia kupiga simu kisima kifungwe tangu jana yake, maji yatulie. Nilipofika asubuhi, watu wote walikuwepo: wazee wa zamu, akina mama na majerikeni, wanaume na mizigo tayari juu ya ngamia. Opereta alikuwa amekaa pale pale. Alikuwa amekonda. Aliponishika mkono hakuuachia.

"Abuya, habari ya siku nyingi?"

"Yanaisha, intala," akasema. Msichana, ndivyo alivyoniita siku zote. "Nimewaambia ukweli. Afadhali wajue."

Nikafungua kitabu cha kisima, cha tangu kilipochimbwa, ambacho alikitunza miaka yote ndani ya nailoni bila kujua kimeandikwa nini. Nikamwonyesha kila mtu alama ya kina cha maji siku ile ya kwanza. Nikateremsha tepu. Opereta akapiga goti kando yangu, mkono kwenye bomba, macho amefumba. Tepu ikashuka, ikashuka. Ikaikaribia alama ya kitabu.

Gurudumu likalia. Mlio mkali, mrefu, ulifika mpaka kwa ngamia.

Watu wakalipuka kwa shangwe, kisha wakanyamaza ghafla, kwa sababu Opereta hakusogea. Alikuwa bado amefumba macho, anangoja. Mlio ukaendelea kulia kati yetu.

"Mbona hailii?" akauliza. "Si nilisema? Pakavu."

Nikaukumbuka ule ukurasa wa kufunika masikio. Nikaukumbuka pamoja na oili yake, na kicheko changu.

Nikamgusa bega. Akafumbua macho, akaona nyuso za watu, akaona taa nyekundu inawaka mkononi mwangu. Aliitazama taa. Alitazama mdomo wa kisima. Nilimwona akipiga hesabu, polepole, kama alivyopiga hesabu ya mambo yote.

"Inalia?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Inalia sasa hivi?"

"Ndiyo, abuya."

"Kwa hivyo maji yapo."

"Yapo pale pale."

"Basi ni mimi," akasema. Akajishika sikio, akalivuta kidogo, akalichunguza kwa vidole. Nililia mbele ya watu wote na sikuona haya. Yeye hakulia. Akawageukia wazee, akawaambia kwa ile sauti yake kubwa warudishe zamu za zamani, wenye mizigo washushe. Kisha akamtafuta kwa macho yule mzee mkali wa mbuzi wawili.

"Ng'ombe wa huyu msichana," akamwambia, "wamefika."

Nikawasha pampu. Opereta akainama, akalaza sikio juu ya bomba, mazoea tu, akafumba macho. Nami nikapiga goti upande wa pili, nikalaza langu. Nyuso zetu zilikaribiana. Maji yakaanza kupanda.

"Inasemaje?" akauliza.

Miaka yote aliniuliza hivyo huku jibu analo. Nikasikiliza vizuri, nisikosee. Kisha nikasogeza mdomo sikioni mwake, nikamwambia kwa nguvu, mara mbili, kwamba inaimba kwa uzito, mpaka akacheka.